Mkono wangu ndio uliochagua

Sisi tuliokulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tuliujua mlio wa bunduki kabla ya kuijua bunduki yenyewe. Vita ilipofika Uvira, kwetu Kongo, mwaka 1996 nilikuwa mtoto wa kushika kitenge cha mama. Sura za askari zimenitoka, lakini milio ninayo mpaka leo, mmoja mmoja halafu mfululizo, na watu wazima wakilala kifudifudi bila kuambiwa. Tulivuka Ziwa Tanganyika usiku, tukafika Kigoma, tukapelekwa kambini wilaya ya Kasulu, na huko nikasoma, nikakua, nikaolewa. Katika akili yangu bunduki ilikuwa na wenyewe: askari, muasi, jambazi wa barabarani. Mwanamke alihusika nayo pale tu ilipoelekezwa kwake.

Nasimulia haya ili anayesoma ajue nilianzia wapi. Leo naishi Fort Worth, Texas, ninamiliki bastola kihalali, na Jumamosi nikiwa sina zamu naenda uwanja wa shabaha na akina mama wenzangu wanaozungumza Kiswahili, Kibembe na Kinyarwanda, kuwasaidia kuchagua ya kwao au kuamua kwamba hawaihitaji. Bado siipendi bunduki. Ila nimeijua, na nimejua jambo ambalo wauzaji wengi na wanaume wengi wenye nia njema hawajalitia moyoni: silaha isiyomkaa mwanamke mkononi humweka hatarini yeye kwanza.

Nafanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu ya jioni, inayokwisha saa tano usiku. Mume wangu alifariki tungali wageni hapa. Naishi na mama yangu na watoto wangu wawili kwenye nyumba za kupanga zenye maegesho makubwa, na wakati ule taa zilikuwa chache. Mwanamume mmoja alianza kuningojea pale. Mwanzoni alisalimia. Baadaye akawa ananifuata hadi kwenye ngazi. Usiku mmoja akagonga mlango na kuniita kwa jina langu, jina ambalo sikuwahi kumpa. Polisi walikuja, wakaandika maelezo, wakaniachia namba ya jalada. Mwenye nyumba aliongeza taa. Mimi nikabadilisha kitasa, nikanunua dawa ya pilipili ya kupuliza, ambayo Texas ni halali kutembea nayo, na hadi leo inaning'inia kwenye funguo zangu. Lakini kati ya gari na mlango wangu kuna mwendo, na katika mwendo ule nikaanza kufikiria kitu nilichokuwa nimeapa kutokigusa.

Nilimwambia mama kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa anachambua sombe.

"Mwanangu," akasema, "kile kitu tulikikimbia mpaka tukavuka maji. Leo wewe unakwenda kukitolea hela?"

"Sijakinunua, mama. Naenda kujifunza kwanza. Kikinishinda nitakuambia."

"Na watoto?"

"Hilo ndilo swali nitakalowauliza la kwanza."

Hakunikataza. Aliendelea na sombe yake, kisha akasema kitu hicho kisije kikawekwa juu ya meza anayolia chakula. Sharti hilo ni sheria nyumbani kwetu.

Darasa nililolipata lilikuwa la wanawake pekee, na mwalimu alikuwa mwanamke aliyewahi kuwa jeshini. Kipindi chote cha mwanzo hakuna aliyefyatua kitu. Tulikaa mezani tukajifunza kanuni nne ambazo wapiga shabaha wa Marekani wengi wamezirithi kwa Jeff Cooper, afisa wa zamani wa kikosi cha Marines. Kila silaha ihesabu kuwa ina risasi. Mdomo wa mtutu usiuelekeze kwa kitu usichokuwa tayari kukiharibu. Kidole kikae nje ya triga mpaka umelenga na umeamua. Kijue unachokilenga na kilicho nyuma yake. Hiyo ya nne ndiyo iliyonikaa zaidi. Nyumba nyingi za kupanga za hapa kuta zake za ndani ni fito za mbao zilizofunikwa mabamba ya jasi. Risasi ya bastola hupenya ukuta wa namna hiyo ikaendelea na safari, na upande wa pili amelala mtoto wa jirani.

Kisha tukatoka nje kwenye mstari wa kufyatulia. Mlio wa kwanza ulipolia, mwili wangu ulikuwa chini kabla akili haijapata habari. Nilijikuta nimelalia viwiko kwenye changarawe, wenzangu wamesimama wananitazama. Mwalimu hakuniuliza kwa nini. Alininyanyua, akanipeleka mbali nyuma ya mstari, akanipa vipande vya sponji vya kuziba masikio na juu yake vikinga masikio vikubwa, akaniambia nisikilize tu na nipumue. Alinieleza kwamba kwenye uwanja wenye paa na kuta mlio hurudi ukakugonga tena, kwa hiyo mtu mwenye historia kama yangu aanzie uwanja wa wazi. Magoti yalipoacha kutetemeka alinipa bastola ya kaliba ya .22, ambayo mlio wake ni mwembamba na teke lake ni dogo sana. Nilifyatua huku machozi yanatoka, na sikuambiwa niyafute.

Kwa wanawake waliotoka vitani nasema hivi: hatua hii msiiruke, na msikubali mtu aiharakishe. Kuna mama mmoja kutoka Fizi alikaa nyuma ya mstari Jumamosi baada ya Jumamosi, amevaa vikinga masikio, ameshika kikombe cha chai, anasikiliza. Siku aliposimama mwenyewe na kusema yuko tayari, alikuwa tayari kuliko vijana waliotangulia kufyatua siku ya kwanza. Harufu ya baruti nayo ina kumbukumbu zake, na inaweza kumpata mtu usiku akiwa kitandani. Anayepatwa hivyo azungumze na mshauri kabla ya kuzungumza na muuza silaha.

Baada ya hapo ndipo ikaja kazi ya kuchagua. Nilikwenda dukani pamoja na shemeji yangu. Muuzaji alizungumza na shemeji, kisha akainama chini ya kioo na kutoa rivolva ndogo ya risasi tano yenye mpini wa rangi ya waridi. "Hii ndiyo ya wanawake," akasema. "Nyepesi, inaingia mkobani, haina mambo mengi." Shemeji akaafiki. Ukiishika kweli inavutia. Rivolva za aina hiyo zenye fremu ya alumini zina gramu 400 na kitu, na hazina magazini ya risasi wala slaidi, kile chuma cha juu cha kuvuta nyuma. Dhana kwamba bastola ya mwanamke lazima iwe kadogo imedumu miaka mingi katika biashara hii. Mwaka 1902 Smith & Wesson walitoa rivolva ndogo ya .22 iliyoitwa Ladysmith, na mwaka 1989 wakalirudisha jina hilo kwenye rivolva mpya.

Uwanja ninaokwenda una utaratibu ambao natamani kila mwanamke autumie. Unakodi bastola kwa ada ndogo, unaipiga palepale, ndipo unaamua kama utalipa mamia ya dola. Nikaikodi ile ya waridi. Triga yake ilitaka nguvu ya kama kilo tano kuivuta, na kwa kuwa bastola yenyewe haifiki nusu kilo, kidole changu kiliuyumbisha mtutu kabla risasi haijatoka. Halafu likaja teke. Lilinichapa pale kwenye panda ya kidole gumba na cha shahada, likapanda hadi kwenye kifundo cha mkono. Nilipofika risasi ya tano nilikuwa nafumba macho kabla ya kuvuta, na karatasi ya shabaha haikuwa na habari zangu.

Sababu iko wazi na haina mwanamke wala mwanamume. Nguvu inayosukuma risasi mbele huisukuma bastola nyuma. Bastola nzito huumeza msukumo huo kwa utaratibu, nyepesi huupokea ghafla na kuukabidhi mkono mzimamzima. Ndiyo maana vibastola vya kutia mfukoni, kama Ruger LCP yenye gramu 270 hivi, hupendeza dukani vikaumiza uwanjani, ingawa risasi zake za .380 ni dhaifu kuliko zile za kawaida za milimita 9. Mpini wake ni mfupi, kidole cha mwisho kinabaki hewani, alama za kulengea ni ndogo mno. Mtu aliyebobea anaweza kuwa na sababu zake za kukibeba. Kumpa mwanamke anayeanza, kwa hoja kwamba yeye ni mdogo, ni kumkabidhi silaha ngumu kuliko zote kuitawala. Mimi mwenye umbo dogo ndiye niliyehitaji uzito zaidi mkononi.

Shemeji aliponiona nasugua kifundo alinyamaza, kisha akasema, "Basi dada, jaribu nyingine. Mkono ni wako." Namshukuru kwa maneno hayo.

Nikajaribu Glock 19, bastola inayobebwa na polisi na raia wengi nchini humu, gramu 600 hivi bila magazini, triga ya kama kilo mbili na nusu. Teke likawa msukumo wa kuvumilika. Nilianza kuona matundu kwenye karatasi. Lakini vidole vyangu ni vifupi, na ili kidole cha shahada kifike kwenye triga ilinibidi niuzungushe mkono, mgongo wa mpini ukaacha katikati ya kiganja ukakaa kwenye kiungo cha kidole gumba. Kila risasi ikawa inagonga kiungo hicho. Mwalimu aliona kabla sijasema.

Kipimo alichonifundisha ndicho ninachowafundisha wengine. Kwanza hakikisha bastola haina kitu: magazini imetoka, slaidi imefungwa nyuma, chemba umeitazama kwa macho na kuigusa kwa kidole. Elekeza mtutu upande salama. Upandishe mpini juu kabisa kwenye panda ya mkono, mtutu ukiwa umenyooka na mfupa wa kigasha chako. Sasa peleka kidole kwenye triga. Ikiwa sehemu laini ya pingili ya kwanza inafika katikati ya triga na mtutu ungali umenyooka na kigasha, endelea kuizingatia bastola hiyo. Ikikubidi uuzungushe mkono ili kidole kifike, irudishe kwenye kioo, hata kama inasifiwa na nchi nzima. Nyingine huja na migongo ya mpini ya kubadilisha, minene na myembamba, na mwanamke ana haki ya kuomba ibadilishwe mbele yake kabla hajasema ndiyo.

Slaidi nayo imewakatisha tamaa wengi bure. Nimewasikia wauzaji wakimwambia mama wa watu kwamba hana nguvu, basi achukue rivolva. Mama huyohuyo kazini anamgeuza mzee wa kilo 90 kitandani! Mara nyingi tatizo ni namna ya kuvuta. Anaishika slaidi kwa ncha za vidole viwili, ameinyoosha mikono mbele, anategemea misuli ya vidole. Mwambie ailete bastola karibu na kifua, mtutu ukielekea kwenye shabaha, aishike slaidi kutoka juu kwa kiganja kizima, kisha mkono wenye mpini usukume mbele huku ule wa juu ukivuta nyuma, mwili wote ukisaidia. Wengi hufanikiwa kwa mara ya kwanza na kucheka kwa mshangao. Kujaza magazini pia huumiza vidole gumba, na kuna kifaa kidogo cha plastiki cha kukandamizia springi ambacho hakigharimu sana. Mtu akikuambia kukitumia ni udhaifu, mwache aumize vidole vyake.

Kuna mikono ambayo kweli haiwezi, kwa sababu ya baridi yabisi au kazi ya miaka mingi. Kwa hao watengenezaji wameanza kufikiri vizuri. Mwaka 2018 Smith & Wesson walitoa Shield EZ ya .380, bastola kubwa kiasi kwa risasi zake, yenye slaidi laini ya kuvuta na magazini yenye kitufe cha pembeni kinachopunguza kazi ya kidole gumba. Teke lake ni la upole kwa sababu hawakuifanya ndogo kupindukia. Watakuja wataalamu wa barazani wa kukuambia .380 haitoshi. Wana hoja, kwa kuwa ya milimita 9 ina nguvu zaidi, lakini risasi unayoweza kuipeleka unapotaka, ukirudia, macho yakiwa wazi, ina maana kuliko kubwa inayopotelea ukutani.

Mimi niliishia kwenye Walther PDP ya toleo la F, lililotoka mwaka 2022. Walther waliitengeneza kwa kuzingatia mikono ya wanawake, wakishauriana na wapiga shabaha wanawake, akiwemo Gabby Franco, mzaliwa wa Venezuela aliyeshindana kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 kisha akahamia Marekani. Mzunguko wa mpini umepunguzwa, triga imesogezwa karibu, slaidi haihitaji nguvu nyingi. Haikufanywa nyepesi kama unyoya wala haikupakwa waridi. Inakaribia gramu 700, ni ya milimita 9, na nilipoishika vidole vyote vitatu vya chini vilikaa mpinini na cha shahada kikafika mahali pake bila mimi kufanya lolote. Siku ile nilirudi nyumbani mkono hauumi. Nilipiga risasi nyingi kuliko siku zote nikataka kuendelea, na mwalimu ndiye aliyenisimamisha, akisema uchovu huzaa tabia mbaya.

Hiyo ndiyo starehe ninayoitetea. Mwanamke ambaye bastola yake inamuumiza ataiacha kwenye droo, na silaha isiyofanyiwa mazoezi iliyolala droo ya nyumba yenye watoto ni balaa linalosubiri saa yake. Ambaye bastola yake inamkaa vizuri atakwenda uwanjani mwezi hadi mwezi, atajua inavyofanya ikikwama, atajua umbali gani anaweza na umbali gani hawezi. Na atajua zaidi lini asiitoe kabisa. Tangu nianze mazoezi nimekuwa mwepesi wa kuondoka mahali, kuvuka barabara, kurudi ndani ya gari na kupiga simu. Nilidhani silaha ingenifanya jasiri wa kukabili watu. Imenifanya niwaepuke mapema.

Kuibeba ni shughuli nyingine, na hapa mavazi yetu yana usemi. Ala ngumu ya plastiki inayofunika triga yote ni lazima, na ala nzuri hutaka mkanda mgumu kiunoni. Sare yangu ya kazini ina kiuno cha kamba. Kitenge nacho hakina cha kushikia. Kuna mikanda mipana ya tumboni yenye ala ndani yake, nimeizoea, ingawa wakati wa joto la Agosti inachosha. Mkobani siiweki. Desemba 2014, mjini Hayden katika jimbo la Idaho, mtoto wa miaka 2 aliyekuwa amekalishwa kwenye kitoroli cha dukani alifungua mkoba wa mama yake, akaifikia bastola, akamuua mama yake palepale. Mama yule alikuwa na kibali na alikuwa ameizoea silaha. Huwa nawasimulia akina mama habari hiyo kabla hawajaniuliza kuhusu mikoba mizuri ya ngozi yenye mfuko wa siri.

Nyumbani kwetu bastola inakaa kwenye kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa skrubu kwenye fremu ya kitanda changu, kinafunguka kwa namba ninayoijua mimi peke yangu. Watoto wanajua kwamba wakiona silaha popote, hata kwa rafiki, wasiiguse, waondoke, wamwambie mtu mzima. Sheria ya Texas humshtaki mtu mzima aliyeacha silaha yenye risasi mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 ameifikia, lakini mimi sikuhitaji sheria ili nisikie swali la mama: "Na watoto?" Nikitoka uwanjani nanawa mikono na uso, nabadilisha nguo kabla ya kumkumbatia mtu, kwa sababu vumbi la madini ya risasi hushika mwilini na ni sumu kwa watoto. Mjamzito nampa ushauri mmoja tu, aahirishe.

Kazini haiingii. Nyumba ya wazee ni miongoni mwa mahali ambapo silaha haziruhusiwi, na mwajiri wangu amekataza vilevile. Sheria ya mwaka 2011 huwaruhusu wafanyakazi wengi wa Texas kuiacha silaha halali ndani ya gari lililofungwa kwenye maegesho ya mwajiri, kwa hiyo ya kwangu hubaki kwenye kisanduku kilichofungwa kwa waya wa chuma chini ya kiti. Magari huvunjwa kila siku na silaha nyingi huibiwa humo.

Kuhusu sheria nina la kusisitiza kwa sisi wahamiaji, kwani tunalaghaiwa na urahisi. Tangu tarehe 1 Septemba 2021 Texas humruhusu mtu mzima wa miaka 21 na zaidi, asiye na kizuizi cha kisheria, kubeba bastola bila kibali. Wengi wamesikia nusu hiyo tu. Dukani utajaza fomu 4473 ya serikali kuu, na historia yako itakaguliwa kupitia FBI. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kununua. Mwenye viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi. Fomu inauliza kuhusu bangi, na kudanganya hapo ni jinai hata kama jimbo la jirani linaiuza madukani. Usimnunulie mtu asiyeruhusiwa, awe kaka, awe mpenzi, awe mtoto wa mchungaji. Tangu mwaka 2022 sheria ya serikali kuu imelitaja kosa hilo waziwazi, na kwa asiye raia kosa la silaha linaweza kumrudisha kule alikotoka. Mimi bado nilichukua kibali, pamoja na masomo yake, ili niijue sheria ya kujilinda kwa kufundishwa. Ndugu zetu walioko Kenya na Tanzania wao wana leseni na masharti mazito ya kupitia kwanza. Haya ninayoeleza kuhusu mkono yatawafaa, sheria ya Texas haitawafaa.

Kuna wanawake ninaowaomba wasinunue, na hao ndio wanaonikosesha usingizi. Dada mmoja alikuja kwangu akitaka bastola kwa sababu ya mume anayempiga, na mume huyo wanalala naye chumba kimoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na Jacquelyn Campbell na wenzake uliona kwamba mnyanyasaji akiwa na njia ya kuifikia silaha, hatari ya mwanamke kuuawa hupanda takriban mara tano. Silaha ya nyumba hiyo haitajali risiti ina jina la nani. Nilimsindikiza kwa wakili wa msaada wa kisheria badala ya dukani, akapata amri ya mahakama ya ulinzi. Sheria ya serikali kuu humkataza mtu aliyewekewa amri kama hiyo kuwa na silaha. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Rahimi iliyotoka hapahapa Texas, ililithibitisha katazo hilo kwa majaji 8 dhidi ya 1. Dada huyo sasa anaishi mji mwingine na watoto wake.

Na nyumba yenye mtu aliyekata tamaa isiwe na silaha. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki nchini humu ni vya watu waliojiua wenyewe. Jamii yetu haizungumzi jambo hili kanisani wala msikitini, ilhali tumebeba mizigo mizito kutoka Kivu na tunaifungulia usiku peke yetu. Nikimwuliza mwanamke kama kuna mtu nyumbani asiyelala, asiyekula, anayesema amechoka na dunia, nauliza kwa upole lakini nauliza kila mara. Wawili waliniitikia kwa kichwa. Tuliagana bila kwenda dukani.

Yule mwanamume wa maegesho alihama, au alihamishwa, sikufuatilia. Sijawahi kumwelekezea mtu bastola na naomba Mungu nisifikishwe huko. Mama huwa ananisikia nikifungua kisanduku kabla ya kutoka na nikikifunga nikirudi, naye huniitikia kutoka chumbani kwake, "Umefunga?" Nami nasema nimefunga, mama.

Siku hizi kifundo cha mkono wangu wa kulia kimeanza kulalamika. Ni kazi ya kuinua wazee, daktari amesema, na kitazidi. Slaidi ambayo zamani haikunipa taabu sasa kuna siku naivuta mara mbili. Kwa hiyo baada ya mshahara ujao nitaikodi ile Shield EZ ya .380, niipige polepole kwa saa nzima, na kesho yake asubuhi nitazame kama mkono unaweza kukaza kitenge bila maumivu. Ukiweza, nitaiuza ya sasa kupitia duka lenye leseni na kuanza mazoezi upya.